Maswali ya Wasomaji: Kipupwe, Bati Tupu na Baridi ya Usiku

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na moja imetoka Limuru. Zote zinauliza namna ya kuupasha chumba moto bila gharama. Tunaanza na ile isiyoweza kusubiri.

Nimepanga chumba kimoja Njombe mjini. Jioni nawasha jiko la mkaa nje, nasubiri moshi uishe, kisha naliingiza ndani na kulala nalo. Dirisha naliacha wazi kidogo na kando ya jiko naweka beseni la maji. Mbona naamka kichwa kinagonga? – Mpangaji, Njombe

Kichwa hicho si cha baridi, ndugu yetu. Jiko hilo lisilale ndani tena, hata usiku mmoja.

Kuisha kwa moshi ndiko kunakowadanganya watu. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata chembe, unatoa kaboni monoksaidi. Hewa hii haina harufu wala rangi, na haikohoeshi. Ukiivuta hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini huku haibebi oksijeni ya kutosha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuisha nguvu. Wengi hapo humeza dawa ya malaria. Aliyelala fofofo huenda asihisi lolote kati ya hayo. Anazidi tu kulala.

Mwanya wa dirisha hautoshi, kwa sababu usiku majivu yanaufunika mkaa, hewa inaufikia kidogo, nao unaungua vibaya na kuendelea kutoa sumu. Na beseni la maji, ambalo huaminiwa sana kwamba "linavuta sumu", halivuti chochote: kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukusaidia. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwanza, kisha mkimbizeni hospitali na mseme wazi kwamba palikuwa na mkaa ndani. Mganga asipoambiwa anaweza kutafuta ugonjwa mwingine.

Mkaa uleule utumie hukohuko nje kuchemsha maji, uingize maji badala ya moto. Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi, wala si 100. Hata hivyo bado ni moto mno kwa chupa. Changanya vikombe viwili vya maji yaliyochemka na kimoja cha baridi. Utapata kama nyuzi 65. Yatie kwenye chupa ya mpira ya maji moto, ijae robo tatu tu, uibinye hewa itoke kabla ya kufunga. Huna ya mpira? Dumu gumu la lita 3 au 5 lenye kifuniko kinachokaza linafaa. Chupa ya soda haifai: plastiki yake hulegea na kujikunja, kifuniko kikaachia, na kitanda kikalowa usiku wa manane.

Lifunge dumu kwa taulo au kanga iliyokunjwa mara mbili, ulitangulize kitandani nusu saa kabla ya kulala, pale miguu itakapokaa. Kwa mtoto, mzee, au mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, liondoe kabla hajapanda. Joto ambalo mkono unalivumilia dakika moja huunguza ngozi likigusana nayo saa tatu.

Tofali kavu la kuchoma nalo hushika joto vizuri likikaa kando ya moto. Jiwe la mtoni usithubutu, maana maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe hupasuka.

Nyumba yetu ni ya bati bila dari. Usiku bati linadondosha maji kitandani ilhali hakuna mvua. Fundi anasema dari ya jipsamu, lakini bei haishikiki. – Baba wa familia, Makete

Bati halivuji, linatoa jasho. Pumzi zenu, mvuke wa chungu na nguo mlizoanika ndani hupanda juu, hukutana na bati lililopoa kwa anga la usiku, na kugeuka matone. Hapohapo ndipo joto lenu linapotorokea, kwa hiyo kazi moja itatibu yote mawili.

Dari ya viroba inatosha kwa kuanzia. Kiroba cha kilo 50 ukikichana ubavu na kitako kinatoa kipande cha karibu mita 1 kwa 1.1. Chumba cha mita 3 kwa 3 kitahitaji kama 10, ukihesabu mapindo. Vifue na uvianike vikauke kabisa, hasa vilivyobeba mahindi, la sivyo panya watafuata harufu. Shona kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni, ukilaza ukingo juu ya ukingo kwa upana wa vidole vitatu. Shona mistari miwili. Mstari mmoja huchanika siku ya kwanza ya kuvuta.

Pigilia fito au mbao nyembamba kuzunguka kuta nne, usawa wa juu ya ukuta, na nyingine mbili zikatishe katikati ili dari isibonyee. Anza kupigilia upande mmoja, vuta hadi wa pili, kaza, ndipo uendelee na pembeni. Mahali pa msumari weka kwanza kipande cha ndara ya zamani au kifuniko cha soda, kama washa ya bolti, maana msumari mtupu hutoboa kiroba na kuchana.

Kinachookoa joto ni ile hewa iliyotulia kati ya kiroba na bati. Msiijaze maranda wala pumba: ni uzito, ni makazi ya panya, na ni kuni juu ya vichwa vyenu. Mianya iliyo chini ya bati, juu ya dari, iacheni wazi mvuke upate pa kutokea. Matundu ya hewa ya ukutani nayo yasizibwe. Kinachozibwa ni ufa wa chini ya mlango, kwa mguu wa suruali kuukuu uliojazwa mchanga na kushonwa ncha zote mbili.

Tahadhari moja tusiipunguze: kiroba huungua haraka na kudondosha matone ya moto. Waya za umeme na taa zikae mbali nacho angalau urefu wa mkono, na chumba hicho kisipikiwe wala kisiwashwe kibatari.

Watoto wangu wanalalia godoro chini kwenye sakafu ya saruji. Nimewaongezea blanketi la tatu, bado wanatetemeka. – Mama, Mbeya

Dada, blanketi la tatu liondoe juu, ulitandike chini yao. Godoro la sponji likilaliwa linabonyea, na palipobonyea hapabaki hewa ya kuzuia baridi ya saruji. Chini ya godoro panga maboksi yaliyokunjuliwa, matabaka matatu au manne, kisha mkeka. Usiweke nailoni: jasho litanaswa, na baada ya wiki mbili utakuta ukungu mweusi upande wa chini. Kila asubuhi liinue godoro, liegemee ukuta hadi mchana. Mtoto mchanga alale na mama au kwa nguo za kumtosha, bila blanketi zito linaloweza kumfunika uso.

Hita ya umeme na blanketi la umeme, kipi kinakula tokeni kidogo? – Msomaji, Limuru

Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kila saa. Ukiiwasha kwa muda wa saa nne kila jioni, ni uniti 240 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti yako uone. Blanketi la wati 100 kwa muda huohuo ni uniti 12. Kuchemsha lita 2 za maji kwenye birika la umeme hakufiki robo ya uniti. Ukilazimika kuwasha hita, ichomeke moja kwa moja ukutani, kwani inavuta karibu ampea 9, na ekstenshen nyembamba ya sokoni huyeyuka kabla swichi haijakata. Blanketi la umeme lisikunjwe likiwa limewashwa, na lisilaliwe likiwa bichi.

Ni kweli kikombe cha komoni kabla ya kulala kinapasha mwili? – Kijana, Iringa

Kinapasha ngozi. Pombe hutanua mishipa ya juu, damu ya moto inakuja usoni na mikononi, unajisikia vizuri, na joto la ndani linatokea hapohapo. Bora uji wa moto, na soksi kavu ambazo hukushinda nazo mchana kutwa.