Shangazi, baba anataka nichukue mkopo wa kanisa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, nina miaka 29, sijaolewa. Baba ni mchungaji kule Mbale, Vihiga. Tangu nianze kazi, kadi yangu ya benki anakaa nayo yeye, na mwisho wa mwezi hunitumia kwa M-Pesa pesa za kodi na chakula. Sasa anataka nichukue mkopo wa sacco, shilingi 600,000, tuezeke kanisa. Nikisita, ananikumbusha amri ya tano, waheshimu baba yako na mama yako. Kanisani wengi hawajui hata jina langu, mimi ni "binti ya pasta" tu. Nampenda Mungu na nampenda baba. Je, kukataa ni dhambi? – Muuguzi, Kisumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuukataa mkopo huo si dhambi. Ila kinachonikosesha raha zaidi ni hiyo kadi.

Fungua Yohana 9. Kipofu tangu kuzaliwa amefumbuliwa macho, na wazazi wake wanaitwa kuhojiwa. Kwa kuogopa kutengwa na sinagogi wanajibu: muulizeni yeye, ni mtu mzima, atajisemea mwenyewe. Woga uliwasukuma, lakini walilosema ni kweli. Na yule kijana akajisemea! Soma taratibu uone anavyowajibu wakubwa wa dini: asilolijua anasema halijui, analolijua halegezi, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Wakamfukuza. Yesu aliposikia, akamtafuta. Sura nzima hatutajiwi jina lake wala la baba yake, na bado ushuhuda ule ni wake, hakuna aliyemtolea. Naipenda sura hii tangu nikiwa msichana wa kwaya.

Wewe wodini unajisemea kila siku. Ukimpa mgonjwa dawa na kutia sahihi kwenye faili, hakuna anayeuliza baba amesemaje, na ukikosea utajibu wewe. Aliyekabidhiwa uhai wa watu atashindwaje kukabidhiwa mshahara wake?

Amri ya tano haiishi mtu akifika miaka 18, hapo baba yako yuko sahihi. Lakini tazama Yesu anavyoieleza katika Marko 7. Anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, wakapata njia ya kutowasaidia baba na mama. Kwake, kumheshimu mzazi ni pamoja na kumtunza, na huwezi kumtunza mtu kwa mkono mtupu. Kwa sasa humpi baba kitu, anachukua mwenyewe. Hata zaka hutoi wewe.

Sasa mkopo. Nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya sacco, kwa hiyo haya nayajua. Deni litaandikwa kwa jina lako, wala si la kanisa. Wadhamini watakuwa wauguzi wenzako, na ukishindwa kulipa, akiba zao ndizo zitakazokatwa, za watu wenye watoto sekondari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote yapite thuluthi mbili za mshahara. Chukua hati yako ya mshahara, toa ushuru, bima ya afya, NSSF, na mkopo wa masomo wa HELB kama bado unalipa, uone kinachobaki. Hesabu hiyo iandike uende nayo nyumbani. Kanisa likihitaji mabati lina wazee, lina waumini, na harambee tunazijua sote.

Nenda Jumamosi. Jumapili baba ni mchungaji wa watu wote, na wewe unataka kuongea na mzazi wako. Anza na mama. Wake wa wachungaji wanajua mengi wasiyoulizwa. Kisha mwombe baba kadi kwa adabu, na papo hapo umtajie kiasi utakachompa kila mwezi, kile unachokiweza kweli. Akipandisha sauti, usimrudishie maneno. Kunywa chai, ngoja, rudia ombi lako. Kanisa usilihame kwa hasira.

Fomu ya sacco usiijaze hata mstari mmoja. Na baba akikataa kabisa kuitoa kadi, benki itakupa nyingine ukienda na kitambulisho chako, yenye namba mpya ya siri. Mpigie simu umwambie siku hiyo hiyo, asije akaligundua kwenye mashine ya pesa huku watu wamepanga foleni nyuma yake.