Seli ikipungukiwa na biotini hufanya nini?

SWALI: Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea biotini. Je, seli ikiona vitamini hii imepungua, haiongezi nguvu ya kuivuta kutoka kwenye damu?

JIBU: Ungetarajia hivyo, na kwa madini ya chuma ndivyo ilivyo. Kwa biotini, seli za ini hufanya kinyume.

Biotini huingia kwenye seli kupitia protini ya utando iitwayo SMVT, ikivushwa pamoja na ayoni (chembe zenye chaji) za sodiamu. Ndani, kimeng'enya HLCS huiunganisha kwanza na ATP, molekuli ya nishati ya seli, kupata biotinili-AMP, kisha huibandika biotini kwenye laisini (asidi amino) moja ya kila kimeng'enya cha jamii ya kaboksilesi. Binadamu ana kaboksilesi 5. Zinahitajika katika kutengeneza mafuta na glukosi na katika kuvunja asidi amino kama lusini. Bila biotini hazifanyi kazi.

Sasa zingatia hiyo biotinili-AMP, maana siri yote iko hapo. Ni hatua ya kati ya kazi ya HLCS, lakini pia ni ishara: huamsha kimeng'enya guanilati saiklesi, GMP ya mzunguko, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, huongezeka, na mwishowe jeni za HLCS, za SMVT na za baadhi ya kaboksilesi husomwa kwa wingi. Biotini ikipungua, ishara hufifia na jeni hizo husomwa kidogo. Ini basi hupunguza uvutaji na matumizi kwa pamoja. Kwa panya walionyimwa biotini, kiwango cha HLCS kilishuka kwenye ini ilhali ubongo uliendelea karibu kama kawaida. Maelezo yanayotuingia akilini zaidi ni kwamba ini hujinyima ili kidogo kilichobaki kwenye damu kiufikie ubongo.

Utaratibu huu una hatari yake. Mtoto aliyezaliwa na HLCS yenye kasoro hupata biotinili-AMP kidogo hata akila vizuri, na kwa kuwa ishara ni dhaifu, hata hiyo HLCS mbovu hutengenezwa kidogo. Ndiyo maana dozi kubwa, mara nyingi miligramu 10 hadi 20 kwa siku, huwasaidia wengi: inaisukuma HLCS ifanye kazi na inairudisha ishara.

SWALI: Kaboksilesi ikichakaa, biotini yake hupotea?

JIBU: Hapana. Protini huvunjwa hadi kubaki biositini, yaani biotini iliyoshikana na laisini, kisha kimeng'enya biotinidesi huzitenganisha na biotini hutumika tena. Mtoto asiye na biotinidesi huipoteza kwenye mkojo. Hupata degedege, misuli kulegea, upele na kunyonyoka nywele. Tiba ni miligramu 5 hadi 10 za biotini huru, yaani isiyoshikana na protini, kila siku, maisha yote. Ianze kabla ya dalili, kwa sababu uwezo wa kusikia pia unaweza kupotea, na ukishapotea kwa kawaida haurudi.

SWALI: Natumia vidonge vya miligramu 10 kwa ajili ya nywele. Vina madhara?

JIBU: Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 30 kwa siku, kwa hiyo kidonge kimoja ni zaidi ya mara 300. Haijulikani kuwa na sumu. Tatizo ni maabara. Vipimo vingi vya damu hutumia mshikamano wa biotini na streptavidini, protini inayoishika biotini kwa nguvu sana, na biotini ya ziada huvivuruga. Troponini, protini inayopimwa kugundua madhara kwenye moyo, inaweza kusomeka chini kwa mtu mwenye shambulio la moyo, na hilo ni jambo la kutisha. TSH (homoni inayoichochea thairoidi) inaweza kusomeka chini na T4 (homoni ya thairoidi yenyewe) juu, mtu akaonekana ana thairoidi iliyozidi kasi. Kabla ya vipimo vya thairoidi, acha vidonge kwa angalau siku 2, na umwambie daktari hata kama hajauliza. Aliyeandikiwa biotini kwa kukosa biotinidesi asiache dozi kwa uamuzi wake. Maabara iombwe kutumia njia ya upimaji isiyotegemea biotini.