Kadi 180, Mende na Ulimi wa Shangazi

Juzi msomaji mmoja wa Malindi ameniandikia: "Dada, mimi naolewa mfungo tatu inshallah. Nataka kadi na mapambo nifanye mwenyewe kama ulivyofanya wewe. Nianzie wapi?" Nilikuwa nakuna nazi. Nikainuka kwenye mbuzi nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini jikoni. "Kama ulivyofanya wewe." Mwenzangu ameona picha za harusi yangu. Mende hawakupigwa picha.

Mimi nilianza kwa hasira, nakwambia ukweli. Mpambaji mmoja wa Mombasa alitutajia shilingi 85,000 kwa usiku mmoja wa kupamba, na maua yenyewe ya plastiki. Babangu ni fundi wa mashua, na mwaka ule kazi zilikuwa chache. Nikasema mikono ninayo, mkasi ninao, nitafanya mwenyewe. Mama aliguna tu. Mama akiguna, jua kuna neno.

Nikaenda Mombasa kununua karatasi ngumu za manila. Hesabu niliipiga vizuri, hilo najisifu: shiti moja kubwa ukilikata kwa uangalifu linatoa kadi 16 za kukunja, kwa hiyo kadi 180 zataka shiti 12. Nikanunua 15. Ningenunua 25. Basi lilitufikisha Mokowe jioni, nikapanda boti na boksi langu mapajani, na kabla hatujafika gatini Lamu likaja wimbi moja likapita watu wote likanichagua mimi. Shiti nne zikanywa maji ya bahari. Nilizianika darini siku tatu. Karatasi iliyokunywa chumvi haikauki, maana chumvi yenyewe inavuta unyevu wa hewani. Kila ukiishika unahisi kama imetoka jasho.

Halafu ikaja masika, na hapo ndipo nilipojua kwamba karatasi ni kitu cha bara. Kadi nilizozikunja usiku zikiwa zimenyooka, asubuhi nazikuta zimejikunja kama majani makavu ya mgomba. Pini za stepla zikashika kutu ndani ya wiki mbili, nyingine zikaacha doa la kahawia juu ya jina la bwana harusi. Na kwenye bahasha nilitaka kubana matumizi, nikapika gundi ya unga wa ngano. Inashika, sikatai. Lakini gundi ya unga ni chakula, na mende wa mtaa wetu wa Langoni hawakusubiri kualikwa. Walikula pembe za bahasha 40. Tangu siku hiyo kadi zikalala kwenye debe la biskuti lenye mfuniko, na ndani yake kifurushi cha mchele mkavu, kama tunavyotia kwenye chumvi. Dada wa Malindi, gundi nunua dukani. Na anza mapema.

Ndugu yangu ana khati nzuri, na sisi kwa upande wa mama asili yetu ni Siyu, kule kisiwa cha Pate ambako karne ya 18 na ya 19 watu walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono. Nikasema, basi jambo hili liko kwenye damu. Nikamwambia aandike bismillahi juu ya kila kadi. Akaandika 30, nzuri ajabu, mpaka mzee mmoja jirani yetu akaiona moja akauliza kwa upole: "Na harusi ikisha, karatasi hizi zitatupwa wapi?" Sikuwa na jibu. Zile 30 ninazo mpaka leo, zimo kabatini, siwezi kuzitupa wala kuzigawa.

Ikabidi nitafute pambo lingine. Mlango wa nyumbani kwa nyanya una ua la duara lililochongwa kwenye mbao ya juu. Nikaliweka karatasi, nikalisugua kwa penseli, nikapata umbo lake, kisha nikalichonga kwa wembe kwenye soli ya kandambili kuukuu. Msinicheke. Hapa Lamu mwaka 2018 watu wameteremsha majini jahazi zima la plastiki chakavu na kandambili, mimi ni nani nishindwe na mhuri? Nikauchovya kwenye wino, nikapiga. Likatoka ua safi, kadi zote, na kila moja ina kosa lake dogo. Nilizipenda mno. Siku ya kuzipeleka kwa upande wa mume, mama mmoja wa kule akaigeuza kadi mbele nyuma, akasema mbele za watu: "Hizi si kadi, ni karatasi za watoto wa chuoni." Chuoni kwetu ni madrasa. Nilitabasamu. Sijasahau.

Sasa kuna jambo ambalo picha za mtandaoni hazitakwambia. Kadi zangu nilizisambaza kwa mtoto wa jirani, mlango kwa mlango, nikalala usingizi mzuri. Siku ya tatu habari ikafika kwamba shangazi yangu mkubwa hatakuja. Nikaenda mbio kwake, mtaa wa Mkomani. Nikamkuta dakani, pale barazani pa mlango, na kahawa yake, kadi yangu chini ya kikombe.

"Shangazi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mimi sikualikwa. Nimeletewa karatasi."

Nikanyamaza. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani nyumba yenu imekosa mtu mwenye ulimi?"

Kwetu kualika ni mdomo. Mwalishi anavaa, anabisha hodi, anaketi, anauliza hali za wagonjwa, ndipo anasema fulani anakualika siku fulani. Kadi inakumbusha saa tu. Mama na mama mdogo walizunguka siku mbili nzima kualika upya nyumba zilezile zilizokwisha pata kadi, na kila nyumba wakaomba radhi kwa ajili yangu. Wiki sita za kukata na kukunja, na zilizoleta watu ni siku mbili za miguu ya mama. Ningejua, ningefanya kadi 50 za wageni wa mbali nikapumzika.

Mapambo nayo. Nilitunga mnyororo wa maua ya karatasi, nikaubandika ukutani kwa utepe wa gundi kama nilivyoona mtandaoni. Kuta zetu ni za chokaa. Usiku mmoja tu, chini pu, na ganda la chokaa limefuatana nao, nyanya anatazama. Akanionyesha kitu nilichokuwa nakiona tangu nizaliwe nisikijue kazi yake: vile vigingi vya mbao vilivyotoka ukutani. "Hivi viliwekwa kwa ajili ya nini, unadhani?" Ni vya kutundikia vitambaa siku kama ile. Isitoshe, vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, maana boriti ya mkoko haivuki mbali, mita tatu hivi. Mapambo ya ukumbi mpana wa kwenye simu yakiingia humo, watu wanayapiga vichwa.

Hapo nikaacha karatasi. Nikaenda kijiji cha Matondoni kwa akina mama wanaosuka mikeka, nikanunua ukili mwembamba, ule msuko wa kushonea mikeka, wa rangi mbili, zambarau na kijani, pima kadhaa. Tukaupitisha kigingi hadi kigingi. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, tukaweka vipepeo vidogo vya kujipepea nilivyosuka mwenyewe, 24, vibaya vibaya lakini vyangu. Jioni ya kupamba wasichana wakachuma asumini ingali vitumba, tukaitunga kwenye uzi, tukaifunika kitambaa kibichi. Ikafunguka yenyewe baada ya isha, wageni wamo ndani, ngoma ya vugo inapigwa. Harufu ile hakuna mpambaji wa kuileta kwenye boksi. Shangazi alikaa mbele kabisa, kikuba cha maua kifuani, akamwambia kila mtu kwamba vipepeo ni kazi ya mikono yangu, hata wasiouliza. Vipepeo vyote 24 vilichukuliwa. Kadi nilizikuta sita chini ya viti.

Kwa hiyo dada, mimi sikukatazi. Lakini usifanye kwa kumwonyesha mtu. Wasichana wa siku hizi tunaona picha moja tunadhani tumepata ujuzi, kumbe wenye ujuzi tunalala nao nyumba moja na hatuwaulizi. Uliza nyanya yako kabla ya kuuliza simu. Anza mapema, nimeshasema. Tena usikate karatasi masika.

Yule mama wa "karatasi za chuoni", mwezi uliopita amekuja kwangu. Binti yake anaolewa. Akakaa, akasifu chai, akazungukazunguka, mwisho akasema, "Ule mhuri wako wa kandambili, bado unao?" Nikamletea. Wino nikamwambia anunue wake.