Mwili Waniambia Ndege Imenyooka

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza urubani hapa Dar es Salaam. Masika iliyopita, tukirudi kutoka upande wa Bagamoyo, mvua ilitushukia ghafla na tukaingia pembeni mwa wingu. Nilikuwa na hakika kwamba ndege imenyooka, lakini mkufunzi wangu alichukua usukani akisema imelalia kushoto, kisha akakatisha somo. Je, masikio yangu yana kasoro? Na je, mkufunzi alifanya sawa?
Msomaji, Tabata

JIBU: Masikio yako hayana kasoro yoyote. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, nayo hutambua kichwa kinapoanza au kinapoacha kugeuka. Ndege ikilala polepole sana, majimaji hayo hayashtuki, na ikiendelea kuzunguka kwa mwendo uleule hutulia kabisa, hata rubani akaamini kwamba amenyooka. Hatari kubwa huja anapoinyoosha ndege kweli, kwa sababu wakati huo mwili humwambia kwamba inalalia upande wa pili, naye huirudisha kulekule ilikotoka huku pua ikishuka. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasiozoea kuruka kwa kutegemea vyombo (vipimo vilivyo mbele ya rubani) badala ya kutazama nje. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, baada ya sekunde 178 kwa wastani.

Ndiyo maana anayeruka kwa kuona kwa macho, akiwa katika anga inayoongozwa (ambamo waongozaji wa ardhini husimamia safari za ndege) na akiwa chini ya futi 10,000, hutakiwa kuona umbali wa angalau kilomita 5 na kukaa mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa wima.

Mkufunzi wako alifanya sawa kukatisha somo, ingawa kwa maoni yangu alichelewa kidogo: ilipasa mgeuze mara tu upeo wa bahari ulipoanza kufifia, kabla wingu halijawafikia. Mwombe akufundishe kuruka kwa vyombo siku ya anga safi, ukiwa umevaa kofia inayokuzuia kuona nje, na kabla ya kila somo usome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa kati ya Machi na Mei. Ikitokea siku moja umeingia winguni peke yako, kaza macho kwenye kifaa kinachoonyesha upeo wa bandia, yaani mstari unaokuonyesha kama ndege imenyooka au imelala, geuka taratibu nyuzi 180 kurudi ulikotoka, na ndege ikishatulia ndipo uuarifu mnara wa kuongozea ndege.