Kabla ya jina la dawa, uliza jina la kifafa

Mwanangu alikuwa na miezi mitano alipoanza "kusujudu". Neno ni la bibi yake. Akiamka tu, kichwa kinadondoka mbele, mikono inatanuka, sekunde moja au mbili, anaachia. Kisha tena, na tena, hata mara ishirini, mwisho analia. Tulisema mchango. Tukasema anashtuka. Jirani alileta kamba nyeusi, tukamfunga mkononi.

Kituo cha kwanza walisikia degedege lisilo na homa, wakatupa fenobabito. Siwalaumu sana, ni dawa rahisi na vifafa vingi inavituliza. Ila mwanangu alishinda amelala, na akiamka anasujudu vilevile. Mwezi ule ndio unaoniuma hadi leo, maana kifafa hiki kadiri kinavyocheleweshwa ndivyo mtoto anavyozidi kurudi nyuma. Alikuwa ameshaanza kucheka. Akaacha.

Kilichotusaidia ni simu. Nilimrekodi asubuhi tatu, na daktari bingwa wa ubongo wa watoto alipotazama video akaandika kipimo cha EEG, kinachosoma mawimbi ya umeme ya ubongo, siku hiyohiyo. Mawimbi yalikuwa vurugu tupu. Akatuambia ni spazimu za watoto wachanga, yaani kifafa cha mikazo mifupi ya mwili inayojirudia, ambazo zikija na mawimbi ya namna hiyo huitwa sindromu ya West. William West alikuwa daktari Mwingereza, akaieleza mwaka 1841 baada ya kuiona kwa mwanawe mwenyewe. Usiku huo nilimfikiria sana yule baba.

Basi, dawa. Zinazoaminika hapa ni tatu: sindano za homoni ya ACTH, vidonge vya prednisoloni kwa dozi kubwa, na vigabatrini. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2004 ulikuta kwamba baada ya wiki mbili spazimu zilikoma kwa watoto 73 katika kila 100 waliopewa ACTH au prednisoloni, na 54 kwa waliopewa vigabatrini. Walipofikisha umri wa miezi 14 hivi, pengo hilo lilikuwa limefutika. Mwingine wa 2017 uliunganisha homoni (ACTH au prednisoloni) na vigabatrini, ukapata 72 dhidi ya 57 wa homoni peke yake. Lakini kama chanzo ni tubarasi sklerosisi, ugonjwa wa kijeni unaoleta uvimbe kwenye ubongo na mabaka meupe kwenye ngozi, vigabatrini ndiyo hutangulia. Ndiyo maana daktari alimvua mwanangu nguo zote akatafuta mabaka meupe kwa taa maalumu. Hakuyaona. Vigabatrini nayo inaweza kupunguza upana wa kuona kwa macho, na haurudi.

Tukaanza prednisoloni, miligramu 40 kwa siku. Kijana wa duka la dawa alisoma cheti mara mbili, akaniuliza, "Mama, hii si ya mtu mzima?" Nilimpenda kwa swali lile. Akampigia daktari mbele yangu.

Jiandae, mama mwenzangu. Vidonge ni vichungu, nilivisaga kwenye maziwa niliyokamua. Mashavu yalivimba, njaa haikuisha, usiku ulikuwa kilio. Tulipimwa presha na sukari mara kwa mara. Mtoto mwenye tetekuwanga hasogei nyumbani, na chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, zinasubiri kauli ya daktari. Na usiikatishe ghafla hata kama mtoto amepona machoni pako: inapunguzwa kidogo kidogo.

Siku ya tano niliandika kwenye daftari: asubuhi 0, jioni 0. Daktari hakuridhika na daftari langu, akarudia EEG.

Sasa ana miaka mitatu. Amechelewa kutembea, na mwaka jana alipata kifafa cha aina nyingine, anatumia levetirasetamu. Shangazi mmoja alituletea kabamazepini iliyomponya mwanawe. Nilimshukuru, nikaiweka kabatini, kisha nikamuuliza daktari. Akasema dawa hiyo, kwa mtoto mwenye spazimu, inaweza hata kuziongeza.