Plazma: giligili au kinetiki? Jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kuhusu plazma, yaani gesi yenye chembe za umeme (ioni na elektroni): kama mlinganyo wa Vlasov, ule wa kinetiki unaohesabu chembe kwa mahali na kasi zake, unabeba habari zote za chembe, kwa nini watu wanahangaika bado na milinganyo ya giligili, inayoichukulia plazma kama kimiminika kwa wastani tu?

Jibu la haraka ni kompyuta. Kinetiki inataka ujue kila mahali kuna chembe ngapi za kila kasi: vipimo 3 vya mahali, 3 vya kasi. Ukigawa kila kipimo mara 100 tu, una namba trilioni 1 za kutunza. Kila namba ikichukua baiti 8, hizo ni terabaiti 8, na bado saa ya hesabu haijasogea hata hatua moja. Pale nilipofanyia uzamili tulikuwa tunagombania zamu za kompyuta, kwa hiyo mjadala ulikuwa unaishia hapo. Ila kwangu hiyo si sababu kubwa.

Mimi niliingilia mlango wa ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme. Mchana, kwenye kimo cha kilomita 105 hivi juu ya ikweta ya sumaku (mstari ambako uga wa sumaku wa dunia umelala sambamba na ardhi), kuna mkondo wa umeme unaoelekea mashariki. (Siyo ikweta ya kile kibao cha Nanyuki, Kenya. Ya sumaku, kwa upande wetu huu, inapita kaskazini zaidi, Ethiopia.) Ioni huko zinagongana na hewa mpaka hazifiki mbali, wakati elektroni zimeshikwa na uga wa sumaku na zinasukumwa magharibi. Elektroni zikipita kasi ya sauti ya ioni, takriban mita 360 kwa sekunde, mawimbi ya msongamano yanaanza kukua yenyewe. Rada ya Jicamarca kule Peru, ya megahezi 50, inayanasa yale ya urefu wa mita 3.

Mwaka 1963 wanafizikia wawili waliyaeleza mawimbi hayo: Oscar Buneman kwa giligili, Donald Farley kwa kinetiki, kila mtu kivyake. Kizingiti cha kasi walichopata, ambacho mawimbi yanaanza kukua, ni kilekile.

Sasa chora majibu yote mawili kwenye grafu moja, kama nilivyofanya mimi. Kwa mawimbi ya mita 10 mistari inalaliana kabisa. Ukishuka chini ya mita 1 inaachana. Mstari wa giligili unapanda tu: wimbi likiwa fupi zaidi linakua haraka zaidi, bila kikomo, jambo ambalo haliwezekani. Wa kinetiki unapinda na kushuka. Kwenye kimo kile ioni husafiri kama sentimita 10 kabla ya kugongana, na wimbi likikaribia urefu huo, ioni zenye kasi inayolingana na ya wimbi zinalinyonya nishati. Ndiyo ule ufifiaji wa wimbi alioukokotoa mwanafizikia Landau mwaka 1946. Giligili haiwezi kuuona kwa sababu yenyewe inajua wastani tu. Mlinganyo wa msongamano unadai kasi, wa kasi unadai shinikizo, wa shinikizo unadai mtiririko wa joto, na mahali fulani lazima ukate mnyororo kwa kukisia. Ukikata, zile chembe chache zenye kasi ya pekee zimekwenda na kipande ulichotupa.

Usikimbilie kusema basi giligili inataka migongano. Chembe za upepo wa jua (mkondo wa plazma kutoka jua) hapa karibu na dunia karibu hazigongani kabisa: protoni inaweza kusafiri umbali kama wa kutoka jua hadi duniani bila kukutana na mwenzake. Bado giligili ya sumaku (milinganyo ya giligili iliyounganishwa na uga wa sumaku) inachora vizuri umbo la wimbi la mshtuko mbele ya dunia, kwa sababu uga wa sumaku unazizungusha protoni kwenye duara za kilomita 100 hivi na kuzifunga pamoja. Ingia ndani ya unene wa mshtuko wenyewe, ambako baadhi ya ioni zinarudishwa nyuma, na picha hiyo inavunjika.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika programu yoyote, weka kwenye karatasi urefu wa wimbi lako, umbali kati ya migongano, na nusu kipenyo cha mzunguko wa ioni. Mimi huanza na giligili kila mara, hata nikijua nitaiacha, kwa sababu kosa lake linaonyesha ni chembe zipi za kufuatilia. Kisha kuna njia ya kati inayopuuzwa sana: ioni uzihesabu kama chembe, elektroni uziache giligili.

Hujasema unashughulikia plazma ipi. Lete hizo namba tatu hapa tuziangalie.