Diklofenaki kwa mama mwenye ugonjwa wa figo

Dada, umeuliza kama mama yako, ambaye figo zake zimepungua nguvu na anayetumia enalaprili pamoja na dawa ya kuongeza mkojo kwa ajili ya presha, anaweza kuendelea kumeza diklofenaki anayojinunulia kwenye kemisti huko Kawangware kila goti linapomuuma. Nakusihi aiache leo. Diklofenaki, sawa na ibuprofeni, huzuia kemikali zinazosaidia mishipa ya figo kubaki wazi, na ikichanganywa na hizo dawa mbili, figo zinaweza kushindwa kufanya kazi ghafla, hasa akiwa anaharisha au anatapika. Za presha asizikatize bila kumwona daktari. Kwa maumivu, kwa kawaida huanzwa na parasetamoli, kwa kipimo atakachoelekezwa.

Katika utafiti wangu wa matumizi ya dawa kwa wagonjwa wa figo, kinachonisumbua zaidi ni tembe hizi za dukani, kwa sababu mara nyingi haziandikwi kwenye faili ya mgonjwa. Siku ya kliniki beba pakiti zote, hata za mitishamba, umwonyeshe mfamasia. Ikiwa anatumia pia metformini, dawa ya kisukari, mkumbushe daktari: uwezo wa figo kuchuja damu ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, dawa hiyo husimamishwa.